Kabla hujamwadhibu mtoto kwa kuharibu pedi ya gemu, kagua kwanza waya

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi jioni. Sebuleni kwetu hapa Bariadi kulikuwa na watoto sita na kelele za watoto kumi na sita. Ghafla kukawa kimya. Kila mzazi anajua kimya cha namna hiyo hakina heri.

Nilipoingia nilimkuta kijana wangu wa miaka 12 ameshika pedi ya gemu, anabonyeza kitufe cha katikati, taa haiwaki. Wenzake wote wanamtazama yeye. Kabla sijauliza kitu akasema, "Baba, imezima yenyewe."

Hilo neno "yenyewe" ndilo lililoniudhi. Nyumbani kwetu kikombe huvunjika chenyewe, ndala hukatika zenyewe, na sukari hupungua yenyewe. Tena siku mbili kabla nilikuwa nimemwona akiitupa pedi ile kwenye kochi baada ya kufungwa goli. Nikaunganisha mambo hayo mawili, nikatoa hukumu palepale mbele ya wenzake: hakuna gemu mpaka shule zifunguliwe, na wewe hutunzi kitu. Aliniambia mara mbili kwamba hajaivunja. Mara ya tatu hakusema tena.

Wiki iliyofuata niliipeleka kwa fundi simu. Hakuifungua. Alichukua waya mwingine mezani kwake, akaichomeka, akaendelea na simu ya mteja mwingine. Baada ya muda kidogo taa ya rangi ya machungwa ikaanza kuwaka na kufifia polepole. "Pedi yako nzima, mzee," akasema. "Waya ndio umekufa." Nililipia waya tu. Hela ya ufundi aliona haya kuichukua.

Njiani kurudi nyumbani sikuwaza habari za waya. Niliwaza nitamwambia nini mtoto.

Makala hii ni kwa mzazi mwenzangu ambaye hachezi gemu na hana mpango wa kuanza, lakini ndiye anayelipa kitu kikiharibika na ndiye hakimu watoto wakilaumiana. Matatizo mengi ya pedi zisizotumia waya yanaweza kugunduliwa nyumbani, bila bisibisi na bila gharama, mradi ukague kwa mpangilio. Na kwa mzazi wa Mwanhuzi, Lagangabilili au Nyashimo anayefikiria kumpa mtu anayesafiri aipeleke Mwanza, nusu saa ya kukagua inaweza kuokoa nauli na siku nzima.

Redio ndogo mkononi mwa mtoto

Watoto wengi huiita pedi, wengine kontrola, wengine rimoti ya gemu. Vyovyote uiitavyo, pedi isiyotumia waya ni redio ndogo. Ndani yake kuna betri, kuna kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi, kuna vitufe, kuna vijiti viwili vya kuzungushia kwa dole gumba, na mara nyingi kuna mota ndogo zinazoitetemesha mtoto anapogonga gari au kufungwa goli.

Kwa hiyo inapogoma, maswali ya msingi ni manne tu. Je, umeme unafika? Je, mashine ya gemu inaitambua? Je, mawimbi yanakatika njiani? Au vitufe na vijiti vyenyewe vimechafuka au kuchoka? Yaulize kwa mpangilio huohuo, kwa sababu unaanza na lisilo na gharama unaishia kwenye lenye gharama.

Kanuni moja ya kushika: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, chaja na tundu kwa pamoja, pedi ikiwaka hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kesho tatizo likirudi mtaanza upya.

Kwanza: je, umeme unafika?

Waya wa chaji ndio unaoteseka kuliko kitu chochote. Hukunjwa, huvutwa, hukanyagwa, na mara nyingi ndio huohuo unaochajia simu ya mama na spika ya kaka. Huanza kukatika ndani, karibu na kichwa chake, huku nje ukionekana mzima.

Anza hivi. Chukua waya mwingine ambao una uhakika nao, yaani ule ambao sasa hivi unachaji kitu kingine vizuri. Pedi ya PS4 hutumia waya kama wa simu za Android za zamani kidogo. Pedi ya PS5, na ya Xbox za karibuni, hutumia Type C. Pedi ya PS3 hutumia kichwa kinene zaidi, kama cha kamera za zamani, na huo ndio unaopotea kwa urahisi kwa sababu vitu vingi siku hizi havina tundu hilo.

Kisha ipe muda. Betri iliyokaa miezi bila kutumika inaweza isionyeshe dalili yoyote ukiichomeka. Iache nusu saa kabla hujakata tamaa. Pedi ya PS4 huchukua takribani saa mbili kujaa, ya PS5 takribani saa tatu. Ukiichaji pedi ya PS4 mashine ikiwa imepumzishwa, taa yake huwaka na kufifia kwa rangi ya machungwa, na huzima ikishajaa. Wazazi wengi huona taa imezima wakadhani haichaji, kumbe imeshiba.

Jambo linalowachanganya wengi wenye PS3: pedi yake halisi haikubali kuchajiwa na chaja ya kawaida ya ukutani. Husubiri kwanza kuongea na mashine au kompyuta ndipo ipokee umeme. Ukiichomeka kwenye chaja ya simu usiku kucha, asubuhi utaikuta vilevile, utasema imekufa. Ichomeke kwenye mashine yenyewe ikiwa imewashwa.

Kwa nyumba zinazotumia sola, tundu la USB la kwenye kiboksi mara nyingi hutoa umeme mdogo, hasa jioni betri ya sola ikiwa imechoka. Pedi inaweza kuchukua muda mrefu sana kujaa. Ichaji mchana jua likiwa kali, kisha linganisha.

Baada ya waya, tazama tundu la pedi kwa tochi ya simu. Kiangazi cha huku kwetu kila mtu anakijua, vumbi huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Likichanganyika na nyuzi za mfukoni au za kochi hushindiliwa ndani kila unapochomeka, mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho. Zima pedi, kisha kwangua polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano wala pini ya chuma, kwa sababu ndani mna miguu midogo ya shaba inayopinda upesi. Wala usipulize kwa mdomo, utaingiza mate. Pampu ya baiskeli hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kama pedi yenu inatumia betri za kubadilisha, kama nyingi za Xbox na zile za mashine ndogo zinazochomekwa moja kwa moja kwenye TV, usiamini kwamba betri ni nzima kwa sababu inaendesha saa ya ukutani. Saa hunywa umeme kidogo mno. Betri ya bei ya chini iliyochoka itaendesha saa kwa miezi, lakini pedi yenye mota za kutetemeka itazima baada ya dakika chache. Weka mpya zote mbili kwa pamoja, aina moja, na uangalie alama za kujumlisha na kutoa. Kama pedi haitatumika kwa wiki kadhaa, zitoe zisije zikavuja humo.

Pili: je, mashine inaitambua?

Hapa pedi inawaka, taa inapepesa, lakini kwenye TV hakuna kinachosogea. Taa inayopepesa bila kutulia, pedi ikiwa haiko kwenye chaji, maana yake kwa kawaida ni kwamba inaita na hakuna anayeitika.

Muulize mtoto swali moja, kwa upole: "Uliwahi kuiunganisha na simu, au mliipeleka kwa jirani?" Hapa ndipo penye siri nyingi. Pedi kama ya PS4 hukumbuka kifaa cha mwisho ilichounganishwa nacho. Ikichomekwa kwenye mashine ya rafiki, au ikiunganishwa na simu ya dada kwa Bluetooth, ikirudi nyumbani huendelea kuwatafuta wale. Hakuna kilichoharibika.

Dawa yake ni kuitambulisha upya. Kwa PlayStation, washa mashine, ichomeke pedi kwa waya kwenye tundu la USB la mbele, kisha bonyeza kitufe cha katikati chenye nembo ya PS. Ikishatambuliwa unaweza kuchomoa waya. Kwa Xbox, kuna kitufe kidogo ukingoni kwa juu, karibu na tundu la waya. Kishikilie mpaka nembo ya katikati ianze kupepesa haraka, kisha bonyeza kitufe cha kuunganisha kilichopo kwenye mashine.

Hapa waya unaweza kukudanganya mara ya pili. Ndani ya waya wa USB wa kawaida mna nyaya nne nyembamba, mbili za umeme na mbili za kupitishia taarifa. Baadhi ya nyaya za bei ya chini zina zile mbili za umeme tu. Huo utachaji pedi vizuri kabisa, lakini hauwezi kuitambulisha kwenye mashine. Kuupima ni rahisi: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huohuo. Kama kompyuta haioni kabisa simu, na kwa waya mwingine inaiona, umeshapata jibu.

Ikishindikana, kuna tundu dogo sana mgongoni mwa pedi za PlayStation, jembamba kuliko matundu ya skrubu. Kwa PS3 na PS4 liko karibu na kitufe cha nyuma cha L2, kwa PS5 liko karibu na maandishi ya Sony. Ndani yake mna kitufe cha kuirudisha pedi katika hali ya mwanzo. Zima mashine, ingiza pini ya kutolea laini ya simu, bonyeza taratibu kwa sekunde tano hivi, kisha iunganishe upya kwa waya. Hutapoteza gemu lolote, kwa sababu magemu yamo kwenye mashine. Lakini hakikisha ni tundu la mgongoni. Pedi ya PS5 ina vitobo upande wa mbele pia, na hivyo ni vya maikrofoni. Ukichoma huko umeharibu kitu kizima.

Kwa zile pedi zinazokuja na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kidude hicho ndicho sikio lake. Kila pedi ina chake, na kikipotea au kikichanganywa na cha pedi nyingine, pedi itaonekana imekufa. Bandika kipande cha gundi chenye alama ileile kwenye kidude na kwenye pedi yake.

Tatu: je, mawimbi yanakatika?

Malalamiko hapa ni ya namna hii: "Nilibonyeza shuti, hakupiga." Kabla hujamwambia kwamba anatafuta kisingizio cha kufungwa, jaribu.

Bluetooth na Wi-Fi nyingi hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, na oveni ya maikrowevu nayo iko hapohapo. Mawimbi ya masafa hayo hayapiti vizuri kwenye chuma, na humezwa na maji. Mwili wa mtu una maji mengi, ndiyo maana watoto watano wakijipanga mbele ya TV, mchezaji aliyekaa nyuma yao hupata shida. Mashine iliyofichwa ndani ya kabati la chuma, au kidude cha USB kilichochomekwa nyuma kabisa ya TV, hupata shida hiyohiyo.

Fanya jaribio. Mweke mtoto mita mbili kutoka kwenye mashine, pasiwe na mtu wala kitu katikati. Tatizo likiisha, halikuwa la pedi. Itoe mashine kabatini, hamishia kidude tundu la mbele, sogeza mbali hardisk ya nje au kisambaza intaneti kilichokaa ubavuni mwake.

Tatizo lisipoisha, cheza kwa waya. Kama hata kwa waya mtu anabonyeza na picha inachelewa kuitikia, mtuhumiwa mpya ni TV. Runinga nyingi za kisasa huchakata picha ili ipendeze, na uchakataji huo huichelewesha kidogo. Kwenye mtazamo wa filamu huoni, kwenye gemu unaona. Tafuta kwenye mipangilio ya picha sehemu ya gemu, iwashe. Ni kazi ya dakika moja, na imeshawahi kununulisha watu pedi wasizozihitaji.

Nne: vijiti vinavyojiendesha

Hili ndilo kosa linalowaponza watoto kuliko yote, kwa sababu dalili yake inafanana na uongo. Mtoto anasema, "Sijagusa, mchezaji anakimbia mwenyewe." Na kweli hajagusa.

Iweke pedi mezani, mikono yote mbali, mkiwa kwenye ukurasa wa kuchagua gemu. Kama alama inateleza upande mmoja yenyewe, kijiti kimechoka au kimechafuka.

Sababu yake wazee wa redio wataielewa mara moja. Chini ya kila kijiti mna vipimio viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Ndani ya kila kipimio, kipande kidogo cha chuma huteleza juu ya njia ya kaboni. Ni utaratibu uleule wa kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Unakumbuka jinsi kilivyokuwa kikikwaruza ukikizungusha, na sauti kupanda na kushuka bila mpango? Vumbi limeingia, au njia imelika. Kijiti cha pedi ni hivyohivyo, ila kinazungushwa maelfu ya mara kwa siku moja ya likizo.

Wala si tatizo la watoto wetu peke yao. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine ya Switch mwaka 2017, na wateja wakalalamika kwa miaka kwamba vijiti vya pedi zake vinajiendesha. Juni 2020 mkuu wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja kwa usumbufu huo. Kama mtengenezaji mwenyewe ameomba radhi, sisi tunaogombeza watoto sebuleni tuna la kujifunza.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki. Zima pedi. Inamisha kijiti upande mmoja, pulizia hewa ya pampu kuzunguka shina lake, kisha upande wa pili. Chovya kidogo pamba ya masikio kwenye spiriti safi ya kusafishia saketi, ile isiyo na maji mengi, ambayo mafundi simu huwa nayo, ipitishe kuzunguka shina, zungusha kijiti mara kadhaa, na iache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha. Hakikisha nyuzi za pamba hazibaki humo. Usitumie thina wala petroli, vitayeyusha plastiki.

Vilevile, magemu mengi yana sehemu kwenye mipangilio ya kuamua kijiti kisukumwe kiasi gani ndipo mchezaji aanze kusogea. Ukiongeza kiasi hicho kidogo, pedi iliyoanza kujiendesha inaweza kutumika kwa muda mrefu bado.

Yote hayo yakishindikana, kijiti chenyewe hubadilishwa. Hiyo ni kazi ya kusolda, ni ya fundi. Ukinunua pedi mpya, uliza kama vijiti vyake ni vya sumaku, maarufu kwa jina la Hall. Vipimio vya namna hiyo havisuguani, kwa hiyo havichakai kwa namna ile.

Ikimwagikiwa na soda au chai

Hapa haraka ni muhimu kuliko hasira. Izime, chomoa waya, toa betri kama zinatoka. Igeuze matundu yaangalie chini, ifute, iache mahali penye hewa siku mbili bila kuijaribu. Kuichomeka kwenye chaji "tuone kama inawaka" ndiko kunakoiua.

Mchele hautasaidia. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasiweke simu zilizolowa kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuharibu. Na kama kilichomwagika kina sukari, kikikauka vitufe vitanata. Hapo ni kuifungua na kuisafisha, mwachie fundi.

Betri: hapa usifanye mchezo

Pedi nyingi za PlayStation zina betri ya lithiamu ndani, ndugu ya betri ya simu. Ya PS4 ni ya mAh 1000, yaani kama moja ya tano ya betri ya simu nyingi za sasa. Ni ndogo, lakini ikikasirika huwaka moto kama nyingine.

Ukiona maganda mawili ya pedi yameanza kuachana katikati, au pedi haikai sawa mezani kama zamani, au inapata joto kali ikichajiwa, huenda betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiibonyeze, usiitoboe, usimwache mtoto aifungue. Iweke mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka ifike kwa fundi. Na betri iliyotolewa isitupwe kwenye shimo la taka mnalochoma moto, maana inaweza kulipuka. Mwachie fundi.

Wafundishe watoto pia kwamba pedi haichajiwi chini ya mto, juu ya godoro wala ndani ya chandarua. Ichajiwe mezani, watu wakiwa macho. Na shule zikifunguliwa, ukiamua kuifungia kabatini mpaka likizo nyingine, ifungie ikiwa na chaji ya nusu hivi. Betri ya lithiamu ikikaa muda mrefu ikiwa tupu kabisa, inaweza isiamke tena.

Fundi aingie lini

Aingie pale maswali yote manne yameshaulizwa. Mweleze ulichojaribu: "Nimebadilisha waya, nimeiunganisha upya, kwa waya inafanya kazi, bila waya haifanyi." Sentensi hiyo moja humpunguzia kazi, na humfanya ajue kwamba huyu mteja anafahamu kidogo. Muulize bei kabla hajafungua, na mwombe akuonyeshe kifaa alichokitoa.

Kama ni kununua nyingine, usilipe kabla ya kujaribu. Pedi za kuiga ni nyingi na kwa macho zinafanana na halisi. Bonyeza kila kitufe, iache mezani uone kama inajiendesha, sogea nayo mpaka mwisho wa chumba, ichomeke kwenye chaji uone taa. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Niliyomwambia mtoto

Jioni ile niliporudi na pedi nilimwita, nikamwonyesha waya wa zamani na waya mpya. Nikamwambia, "Hukuivunja. Baba alikosea, na alikosea mbele ya wenzako." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu zaidi, lakini aliitikia, "Sawa, baba," akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama adhabu imekwisha.

Imekwisha, nikasema. Lile la kuitupa kwenye kochi tulilizungumza pia, siku nyingine, kama jambo la peke yake. Kwa kweli halikuwa na uhusiano na waya, ila mimi ndiye niliyeyachanganya.

Kisha tukakaa chini wote wawili, tukaandika yale maswali manne kwenye karatasi, tukaibandika nyuma ya mlango wa kabati la TV. Kitu kikigoma sasa, awe yeye au mdogo wake, huanzia kwenye karatasi kabla ya kuniita. Wakati mwingine hawaniiti kabisa.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alikuja analia, pedi ya kaka yake imezimikia mikononi mwake na anaogopa kurudi nyumbani. Nilimsikia kijana wangu sebuleni akimwambia, "Usilie kwanza. Umejaribu waya mwingine?"